Salamu za Mpishi

Nyumbani walimwita Popo, na jina hilo alilipata kwa haki. Alisoma akiwa amelala chali kitandani, miguu kaipandisha ukutani, kichwa kinaning'inia ukingoni na kitabu kakishika juu ya uso. Mama yake, ambaye ni msusi, alikuwa akimwonya kwamba iko siku damu yote itamshukia kichwani. Damu haikushuka, na Popo akafika umri wa miaka kumi na mitatu akiwa na shingo imara na maoni makali sana kuhusu wafu.

Maana alichosoma kilikuwa kitu kimoja tu: vitabu vya vijana vyenye mizimu, wanyonya damu, wavulana wanaogeuka mbwa mwitu mwezi ukiwa mpevu, na wasichana wa shule wanaoamka asubuhi wakakuta wanasikia mawazo ya walimu wao. Hadithi za mapenzi matupu zilimchosha. Za upelelezi alisema zina haraka ya kumzika maiti kabla hajapata nafasi ya kujieleza. Shuleni waliambiwa waandike insha kuhusu siku wasiyoisahau. Wenzake wakaandika harusi na safari, yeye akaandika siku aliyofufuka. Mwalimu alimpa alama nzuri za sarufi, kisha akamwita mzazi.

Mama hakuwa mtu wa kuogopa mizimu. Alichoogopa ni mtihani. Alisema mtihani hauulizi habari za mizimu, akalisema hilo vidole vikiwa kichwani mwa mteja, na mteja akaunga mkono, kwani mtu aliyeshikwa nywele haanzi ubishi. Likawekwa sharti: vitabu viendelee, ila alama zikishuka, vyote vinaondoka. Alama hazikushuka. Popo alimaliza kazi za shule kwa kasi ya mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Vitabu alivipata kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha vitabu vikuukuu karibu na stendi ya mabasi. Mzee huyo aliuza na kuazimisha, na sheria yake ya kuazimisha ilikuwa moja: mtu mmoja, kitabu kimoja. Hujarudisha, hupati kingine, hata ulie machozi ya damu. Na kwa kuwa vitabu vyake vilitoka kwenye maboksi ya watu waliohama nyumba, vilimfikia ovyo ovyo, cha nne leo, cha kwanza mwezi ujao. Wateja wake walizoea kumkuta mtu kitabuni keshakufa, kisha baadaye wakasoma alivyozaliwa.

Hivyo ndivyo Popo alivyoupata mfululizo wa Bweni la Juu. Ulihusu msichana aliyehamia shule ya bweni, akagundua kwamba nusu ya wakazi wa bweni lake walikufa zamani na hawana habari. Kibandani kilikuwapo cha kwanza, cha tatu, cha nne na cha tano. Cha pili mzee alisema hajawahi hata kukiona jalada.

Safari hii Popo hakusoma peke yake. Bibi yake, mama mzaa mama, alikuwa amehamia kwao baada ya mtoto wa jicho kumfunika macho yote mawili. Bibi alifanya kazi ya upishi wa shule karibu maisha yake yote, na jioni alipenda gazeti lake. Sasa gazeti lilikuwa ukungu, jiko alikatazwa, na siku nzima alikaa chumba cha nyuma cha saluni akisikiliza mashine za kukausha nywele. Popo akamwambia, kwa adabu tu, kwamba angeweza kumsomea baada ya shule. Bibi akajibu, "Soma, mke mwenzangu. Nikisinzia usinune."

Hakusinzia. Ukurasa wa kumi na kitu wa kitabu cha kwanza aliingia Mpishi, mzimu wa mwanamke aliyekuwa bado anapika kila alfajiri kwa ajili ya wasichana wasioweza kula chakula chake. Bibi akakaa wima. Alimpenda Mpishi tangu siku hiyo, ila alimpenda kama mtu wa kazini, yaani kwa kumkosoa. Alitaka kujua chumvi anatia saa ngapi. Alishangaa mwandishi kumwacha aondoke jikoni sufuria ikiwa motoni. Akasema mzimu au si mzimu, hiyo si tabia. Lakini mahali ambapo msichana anaugua na Mpishi anasimama kando ya kitanda chake usiku kucha, mwiko mkononi, Bibi aliomba pasomwe tena, na tena.

Wakaingia cha tatu. Mpishi hayumo. Wakasoma sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, si Mpishi si kivuli chake.

"Mpishi yuko wapi?" Bibi akauliza.

Popo angeweza kusema hajui, kwamba hawajasoma cha pili. Ndiyo ilikuwa kweli. Lakini Bibi alikuwa kamgeuzia uso, macho yanamtafuta na kumkosa kidogo, yakiangalia mahali penye sikio lake, na mdomo wa Popo ukatangulia mbele ya akili. "Amehamishwa," akasema.

Bibi akaguna kwa kuelewa. Wapishi wa shule huhamishwa. Hata yeye alihamishwa na hakuna aliyemuuliza kama ana watoto. Swali lake likawa kahamishwa vipi, na kwa nini hakuaga. Popo akamwambia mambo hayo yote yamo kwenye kitabu cha pili, na kwamba kesho atakileta.

Kesho yake akakaa na kitabu chake cha jiografia mapajani, akakisoma cha pili chote kutoka kichwani. Alifungua kurasa za mito na za mvua kwa wakati wake, ili sauti ya karatasi isikike. Kazi hiyo ilichukua karibu wiki. Katika hadithi yake, mwalimu mkuu wa wale wafu alimwandikia Mpishi uhamisho. Mpishi akagoma, akalia, akawafundisha wasichana kuwasha jiko, mwishowe akaufunga mwiko wake kwenye kanga na kuondoka kabla hapajapambazuka, kwa sababu hakuweza kuwaangalia usoni. Bibi alisema hicho ndicho kitabu bora kuliko vyote. Popo alivimba kichwa, nani asingevimba?

Ila ukishamfuga paka, lazima umlishe. Kila walipofika mwisho wa sura, Bibi aliuliza kama Mpishi hajaleta habari. Basi katika cha tatu Mpishi akatuma salamu. Katika cha nne akalalamika kwamba jiko la huko lina moshi unaotoa machozi, na kwamba kuna mtoto mmoja hali chochote. Popo alizichomeka salamu hizo katikati ya mistari ya mwandishi, bila kubadili sauti. Bibi alijibu. Alisema Mpishi aambiwe afungue dirisha la nyuma kabla ya kuwasha, na huyo mtoto asilazimishwe, awekewe chakula kisha aachwe. Mwanzoni Popo alicheka moyoni. Baadaye hakucheka, akajikuta darasani anawaza Mpishi atasema nini leo.

Kisha daktari akasema macho ya Bibi yanaweza kufanyiwa upasuaji. Nyumba nzima ilifurahi, na Popo alifurahi kwa dhati, mpaka Bibi alipotangaza mbele ya wateja wawili atakachofanya akianza kuona. Atakwenda kibandani kwa miguu yake, achukue cha pili, aisome mwenyewe safari ya Mpishi. Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa na urefu wa kutoka saluni hadi stendi.

Mambo hayaji peke yake. Wiki hiyo hiyo mzee wa kibanda akafungua boksi jipya, na ndani yake vilikuwamo viwili: cha pili, na cha sita, ambacho hakuna aliyejua kama kipo. Popo akachukua cha pili. Alikisoma kwa mkao mmoja, miguu ukutani. Mpishi hakuhamishwa. Kumbe alikufa kwa moto, jikoni, mlango umefungwa kwa nje, na msichana wa bweni alipomtaja hadharani aliyeufunga, kazi ya Mpishi duniani ikaisha. Akazimika. Mwiko ukaanguka sakafuni na hakuna aliyeuokota, wala aliyemtaja tena. Kilikuwa kitabu kizuri sana. Popo alilia kwa ajili ya Mpishi, halafu akaendelea kulia kwa ajili yake mwenyewe.

Akakificha chini ya godoro. Akikirudisha, Bibi atakikuta kibandani. Asipokirudisha, sheria ni ile ile, hapati kingine, na cha sita kile pale rafuni. Alichagua njaa. Wiki zikapita Popo hana cha kusoma. Alisoma maandishi ya chupa za shampuu, ambazo hazikuwa na mzimu hata mmoja. Mama alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Upasuaji ukaenda salama. Bandeji ikatoka, miwani ikaja, na Bibi akamwangalia mjukuu wake kwa muda mrefu. Akasema kumbe ana chunusi. Mara tu daktari alipomruhusu kutembea, akavaa viatu akaenda kibandani, na Popo akabaki kitandani, miguu chini kama watu wengine, akisubiri. Mzee wa kibanda hakuwa na sababu ya kuficha. Alimwambia Bibi kwamba cha pili kimekaliwa na mjukuu wake tangu siku nyingi, na amsaidie kumwambia akirudishe.

Bibi hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono, Popo akainua godoro. Tangu hapo Bibi akawa anakaa dirishani, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza bila sauti. Alisoma polepole, siku baada ya siku, na Popo alipita mlangoni akijifanya anatafuta kitana. Siku alipomaliza alikifunga kitabu akamwita.

"Hakuhamishwa," alisema.

"Hapana, Bibi."

"Na zile salamu?"

"Zilikuwa zangu."

Bibi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni. "Mimi nilikuwa namjibu. Mtu mzima mimi, nakaa hapa namwambia afungue dirisha."

Popo akaomba msamaha, akasema alifanya vile kwa kuwa Bibi alimpenda Mpishi.

"Hapana," Bibi akasema. "Ungenidanganya kama ningekuwa naona?"

Popo alikumbuka kitabu cha jiografia na zile kurasa alizozifungua kwa sauti, akaona aibu iliyompanda hadi masikioni. Bibi hakuumia kwa sababu ya hadithi; aliumia kwa zile karatasi zilizogeuzwa kwa kuwa haoni.

Bibi hakununa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisalimia, alijibu, aliuliza habari za shule. Ila jioni alisoma gazeti lake peke yake, na neno mke mwenzangu lilitoweka. Popo akarudisha cha pili, akachukua cha sita, akakimaliza alasiri moja. Ndani yake mlikuwa na pacha aliyerudi kutoka kaburini na mwalimu asiye na kivuli, kila kitu anachokipenda, na alipofika mwisho hakuwa na mtu wa kumwambia. Alikiacha mezani.

Mama yake, ambaye alisikia yote kwa sababu ukuta wa saluni ni mbao, alikuwa akifagia nywele za siku hiyo. Alisema bila kuinua kichwa kwamba maji yakimwagika hayazoleki, lakini sakafu hupigwa deki. Halafu akaendelea kufagia.

Popo alilifikiria hilo hadi siku iliyofuata. Kisha akakichukua cha sita, akaingia chumba cha nyuma, akakiweka mapajani mwa Bibi. Hakuomba msamaha tena. Alisema, "Bibi, nisomee."

Bibi akajibu kwamba yeye si redio. Akalitazama jalada, upande huu na upande ule. Akavaa miwani.

Alisoma kama mtu anayeita majina ya mahudhurio, neno kwa neno, akisimama hata pasipo nukta. Popo alilala chali, miguu ukutani. Sura hii aliijua. Msichana anarudi kutoka likizo, anakuta bweni limefungwa, anagonga, na sura inaishia hapo hapo anapogonga. Bibi akafika mwisho wa ukurasa. Msichana akagonga.

"Pale mlangoni," Bibi akaendelea kwa sauti ile ile, "akakuta salamu kutoka kwa Mpishi. Anasema huko alikohamishiwa alifungua dirisha la nyuma, na moshi umekwisha. Yule mtoto sasa anakula. Na anauliza yule mwingine, aliyekuwa akizileta salamu zake, mbona siku hizi kimya."

Popo akashusha miguu ukutani. Kidole cha Bibi kilikuwa chini kabisa ya ukurasa, mahali maandishi yanapokoma, na ukurasa unaofuata ulikuwa bado haujafunguliwa. Bibi alikuwa anamwangalia juu ya miwani, anasubiri.

"Mwambie yupo," Popo akasema.

Bibi akaitikia kwa kichwa. Akalowesha kidole, akafungua ukurasa.