Kitovu Kwenye Friji ya Duka

Mwenye ploti kule Gatina bado yuko hai, anakunywa chai yake. Naanza na yeye kwa sababu ndiye aliyeanza. Msingi wa orofa tatu, yeye akapandisha tano. Fundi wake akachanganya saruji kama mtu anayeogopa itaisha. Mtu wa kaunti alikuja akachora X nyekundu ukutani, lakini juma lililofuata ukuta ulipakwa chokaa na yeye hakuonekana tena. Majina yao nayajua, wote watatu. Siku nyumba iliposhuka nilikuwa chini nafua nguo, ukuta ukanilalia mgongoni. Nilitoka hai. Kuanzia kiunoni kwenda chini, sikutoka.

Nikarudi Kibera, Sarang'ombe, kwenye chumba nilichoanzia nilipokuja mjini kutoka upande wa ziwani. Kanisa lilinipa kiti cha magurudumu. Vijia vyetu havikipitishi, kwa hivyo majirani hukiazima kubebea mitungi ya maji, na mimi hukaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki nikipima omena, dagaa wa kwetu ziwani, kwa mkebe. Watu hunisalimu wakipita. Hakuna anayesimama.

Redio ya duka lililo mkabala na mlango wangu ndiyo iliyoniamsha. Daktari alikuwa akieleza kwamba ndani ya kamba ya kitovu cha mtoto mchanga kuna seli shina, seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Wataalamu, akasema, wanajaribu kuzifanya ziwe seli za neva, zile zinazopeleka habari kutoka ubongoni hadi mguuni. Shule niliachia darasa la nne, lakini hilo nililielewa haraka kuliko mahubiri yoyote. Habari za miguu yangu ndizo zilizokatika. Na binti yangu alikuwa na mimba.

Alijifungulia Kawangware anakoishi, na kwa kuwa mumewe alikuwa kwenye kazi ya mjengo huko mbali, akaja kukaa kwangu. Nilimwogesha mtoto mapajani, maana mapaja yangu hayana kazi nyingine. Asubuhi moja binti yangu akasema, "Mathe, kitovu kimeanguka. Si hicho hapo kwa mapaja yako?" Kilikuwa pale, cheusi, kikavu, kama kipande cha tangawizi kilichosahauliwa. Kiliniangukia mimi mwenyewe na sikuhisi kitu.

Nilimwomba aniachie. Alijua ninachotaka; siku ile ya redio alikuwa amekuja kunitembelea, tukaisikiliza pamoja. Daktari alikuwa amesema vitu hivyo hutunzwa kwenye baridi kali, na baridi pekee ninayoijua ni ya friji ya mwenye duka. Akakipokea kikiwa kimefungwa kwa kitambaa, akakisukuma nyuma ya maziwa ya pakiti, na kila jioni akanilalamikia. "Mathe, hii kitu yako itanifukuzia watu. Wakiniuliza nitasema ni soseji?" Stima ikipotea nilikuwa naisikia ile friji ikinyamaza, na mimi nanyamaza nayo.

Kisha mama mkwe wa binti yangu akafika kutoka Vihiga. Kwao, kama kwetu, kitovu huzikwa nyumbani kwa baba ya mtoto, chini ya mgomba, na nyanya wa upande huo ndiye anayekuja kukichukua. Alikunywa uji wake wote, ndipo akauliza kiko wapi. Binti yangu akaniangalia. Nikamweleza huyo mama habari za seli na neva, kama nilivyozisikia. Hakucheka wala hakugomba.

"Mama," akasema, "huyu mtoto akikua ataonyeshwa wapi kwao?"

Nikamwomba angoje nifike kliniki kwanza. Binti yangu na jirani wakanibeba hadi barabarani.

Muuguzi alifungua kitambaa polepole. Akaniambia seli hizo huchukuliwa pale pale mtoto anapozaliwa, kamba ikiwa mbichi, zikiwa hai. Hiki kilikuwa kimekufa kabla hakijaanguka. "Na hata zile hai, mama, kuzifanya neva bado ni kazi ya maabara. Sina mahali pa kukutuma." Nikamuuliza, je, miaka ijayo? Akasema huenda.

Daktari wa redio hakudanganya. Alisema wanajaribu. Mimi nilisikia wameweza. Ukikalishwa mlangoni miaka mingi, masikio hujisikizia yake. Na aliyenikalisha nimeshamtaja mwanzoni.

Niliporudi nilimpa yule mama kitambaa mkononi. Alikifunga kwenye ncha ya leso yake, akaniuliza changu kilizikwa wapi. Nikamwambia chini ya mgomba nyuma ya jikoni ya mama yangu, karibu na ziwa. Kaka yangu aliuza hilo shamba nikiwa hospitalini. Sasa walionunua wanalima nyanya hapo. Yule mama akatikisa kichwa.

Waliondoka wote asubuhi iliyofuata, na binti yangu na mtoto, kwenda kukizika. Binti yangu alisema atarudi. Ana mume, ana nyumba yake Kawangware, sijui atarudi kufanya nini huku. Alinipa mtoto nimpakate kidogo wakati anafunga mizigo, kisha akamchukua.

Mwenye duka aliwasha redio. Nilivuta mkebe wa omena, na mkono ukagusa leso yangu iliyokuwa mapajani. Ilikuwa imelowa chapachapa. Mtoto alikuwa amenikojolea kabla ya kwenda, na miguu haikuniambia.