Mipira Aliyohesabu Baba

Mkono wangu wa kulia haunyooki. Ukifika mahali fulani unagoma, kama mlango uliovimba wakati wa masika, na hakuna namna ya kuulazimisha. Watu wakiuona wanadhani nilianguka na pikipiki, kwa kuwa nauza vipuri vya pikipiki pale Kiboriloni, na mimi siwakatalii. Kumwambia mtu kwamba niliumia kwa kurusha mpira wa besiboli ni kujitafutia maswali. Wengi hawaujui huo mchezo, na wanaoujua kidogo wanacheka. Basi nasema pikipiki, wananipa pole, tunarudi kwenye mambo ya cheni na breki.

Lakini ni besiboli. Ililetwa shuleni kwetu na mgeni aliyekuja kujitolea kufundisha hisabati. Alikuja na sanduku la glovu, mipira migumu ya ngozi na magongo mawili. Nilikuwa kidato cha kwanza. Siku ya kwanza alituambia turushe mipira ukutani mmoja mmoja, na wangu ulipiga ukuta wa jiko kwa kishindo hadi mpishi akatoka na mwiko kuuliza nani anabomoa shule. Tangu siku hiyo nikawa mrushaji, yaani yule anayesimama katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji wa timu nyingine mpira ambao anataka aukose. Mchezo mzima unaanzia mkononi mwake. Kwa mtoto wa Uru, kijijini kwetu mlimani, aliyezoea kutumwa majani ya ng'ombe, hilo lilikuwa jambo kubwa, na sitajifanya mnyenyekevu: nililifurahia mno.

Yule mgeni alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Alisema kiwiko cha mtoto bado kinakua, mfupa wake haujashikana vizuri, na mtoto akirusha kupita kiasi misuli inaweza kuung'oa pale ulipojishikiza. Akaweka sheria: mipira sabini kwa mechi, kisha siku nne bila kurusha hata jiwe. Alipomaliza muda wake akamwachia mwalimu wetu wa michezo vifaa vyote pamoja na sheria hiyo, na akamwomba asiivunje kwa sababu yoyote. Mwalimu aliiandika kwa chaki juu ya mlango wa stoo.

Shida ikawa ni nani ahesabu. Wanafunzi wakipewa kazi hiyo walianza vizuri, halafu timu ikipata pointi wanarukaruka na hesabu inaishia hapo. Mwalimu mwenyewe alikuwa na wachezaji wa kuangalia. Ndipo akamwona baba yangu.

Baba ni mkulima wa kahawa na ndizi. Siku za mechi, ambazo zilikuwa Jumamosi, alishusha ndizi sokoni, kisha alikuja uwanjani na koti lake la kijivu, akakaa kwenye tofali kando ya ukuta, bila kusemezana na mtu. Mchezo hakuuelewa wala hakujifanya anauelewa. Mwalimu akaona huyu ndiye anayefaa, maana asiyejua nani anaongoza hawezi kupandwa na mzuka. Baba alikubali, akajitafutia njia yake mwenyewe. Asubuhi alihesabu punje sabini za kahawa kavu na kuzitia mfuko wa kulia wa koti. Kila niliporusha mpira mmoja, alihamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto, kwa kupapasa tu, bila kutazama. Mfuko wa kulia ukiisha alisimama na kuvua kofia. Mwalimu akiona kofia imevuliwa ananitoa uwanjani, hata kama tunakaribia kushinda.

Nataka jambo hili lieleweke kabla sijaendelea. Mimi niliacha kabisa kuhesabu. Kila nilipochoka nilitupa jicho ukutani. Baba kakaa, basi bado. Mkono ukianza kulalamika nilikuwa nauambia utulie, baba hajasimama. Baba si mtu wa maneno. Hajawahi kuniambia ananipenda, na mimi sikuwahi kutegemea aniambie. Lakini nilipomwona pale na mikono mifukoni, akihamisha punje kwa ajili ya kiwiko changu, nilijua ninapendwa. Nilirusha mpira kwa raha ambayo sijaipata tena kwenye kazi yoyote.

Kidato cha pili tulifika fainali na shule moja ya Arusha. Habari zilikuwa zimepanda hadi kijijini, na watu wa kwetu walishuka kwa lori la kubebea ndizi, wakamzunguka baba pale ukutani. Hawakujua chochote kuhusu besiboli. Walichojua ni kwamba mpigaji akikosa mpira ni sifa yangu, na sifa yangu ni ya baba. Kila alipokosa, walimpigapiga baba mgongoni na kumwita Baba Mrushaji. Nilikuwa nawasikia vizuri tu. Nilimwona baba akicheka, na baba kucheka mbele za watu si kitu cha kila siku.

Maumivu yalianzia upande wa ndani wa kiwiko, mchomo mdogo tu. Nikatazama ukutani: baba kakaa. Yakaongezeka. Nikatazama tena: kakaa. Vidole viwili vya mwisho vikaanza kufa ganzi, na kati ya mpira mmoja na mwingine nikawa nakishika kiwiko kwa mkono wa kushoto. Mwalimu alimwendea baba mara mbili. Nilimwona akiinama kumuuliza, baba akamjibu, mwalimu akarudi na kuniinulia dole gumba. Nilijiona mzembe. Nilijisema kimoyomoyo kwamba mtoto wa watu anapewa ulinzi wote huu na bado anatafuta visingizio. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaza, nikiwa na miaka kumi na tano.

Mpira wa mwisho ulipotoka mkononi nilisikia kitu kimeachia ndani ya kiwiko, kwa mlio kabisa, kama unapovunja kijiti kibichi. Mpigaji akakosa. Tulikuwa mabingwa. Watu wa Uru walimnyanyua baba juu wakamzungusha uwanja mzima, na mimi nilikuwa nimepiga magoti katikati, wakadhani namshukuru Mungu.

Nyumbani mama alinikanda. Huku kwetu kiungo chochote kikiuma dawa ya kwanza ni maji ya moto na chumvi, na mama alinikanda asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kwa nguvu, kwa upendo wote alionao, akikisugua kiwiko ambacho ndani yake mfupa ulikuwa umeng'oka. Kilipofikia ukubwa wa papai ndipo tukaenda hospitali. Daktari akauliza mtoto alirusha mipira mingapi. Baba akasema hajui. Akasema mfuko wa koti ulitoboka, punje zikamwagika, hesabu ikampotea. Daktari akatikisa kichwa na kutuambia kwamba mkono utapona, ila hautanyooka, na mchezo niusahau.

Nilimwonea baba huruma. Njia nzima ya kurudi nilimwambia asijali, koti ni bovu. Mama akataka apewe koti aushone huo mfuko, baba akajibu kwamba ameshaushona mwenyewe. Baba hajawahi kushika sindano tangu azaliwe, na hilo lilipita mbele ya macho yetu wote kama si kitu.

Baada ya mwezi mwalimu wa michezo alipanda nyumbani. Alikuja na mzee mmoja wa ukoo wake, dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi, na jani la isale. Asiyetoka kwetu pengine hajui: isale ndiyo ile mimea mirefu tunayoipanda mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, na mtu aliyekukosea akikuletea jani lake kuomba msamaha humrudishi. Unaweza kuwa na hasira kiasi gani, jani likishaletwa, neno limekwisha. Mwalimu alisimama mbele ya baba akasema yeye ndiye aliyekuwa na watoto, timu ilikuwa yake, amekosa. Baba akanyoosha mkono, akapokea jani, akasema, "Aika mbe," yaani asante, wakanywa.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, mkono umening'inia kwenye kitambaa shingoni. Hakuna aliyeniuliza kama nimesamehe. Na sikuwa nimesamehe. Kwangu mimi hesabu ya baba ilipotea kwa bahati mbaya, lakini mwalimu alikuwa na macho, aliniona, akaniinulia dole gumba. Yeye ndiye aliyeniuza kwa ajili ya kombe. Nilimchukia kwa miaka kumi na miwili. Nikimwona stendi nabadilisha njia. Nikisikia ana mgonjwa sitoi hata salamu. Kwenye mambo ya kuweka kinyongo mimi nina kipaji, na kipaji chote nilikimalizia kwa mtu huyo.

Mwaka huu kabla ya Pasaka alikuja dukani. Amestaafu, anafuga kuku Shirimatunda, alikuwa anatafuta cheni ya pikipiki. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema, "Shikamoo mwalimu," maana shikamoo haina kinyongo, akaitikia. Nikapandisha mkono wa kushoto kwenye rafu kumchukulia cheni. Akaniangalia, akasema:

"Mkono wa kulia bado, mwanangu?"

"Bado, na hautakuja kuwa tayari," nikamjibu. "Si ulikuwepo?"

Nikaona hapo hapo niseme yote, wateja wawe mashahidi. Nikamuuliza kwa nini hakunitoa.

"Nilimuuliza mzee mara mbili," akasema. "Ya kwanza akaniambia hamsini na mbili. Baadaye sana nikamuuliza tena, akaniambia sitini na moja. Mimi nikaona ni nyingi kuliko hizo, lakini ningembishia vipi mzee mwenye punje mfukoni? Baadaye nikasikia mfuko ulitoboka. Ndiyo mambo ya binadamu. Watoto walikuwa wangu, ndiyo maana nikaleta isale."

Akachukua cheni yake, akaenda. Nilikaa kwenye kiti cha duka nikaanza kufikiri, na hesabu yenyewe ni ya mtoto wa darasa la pili. Mfuko wa kulia ukitoboka, punje zinaisha mapema, na baba angesimama kabla ya wakati. Wa kushoto ukitoboka, wa kulia unaisha vilevile kwa sabini. Popote pale unapotoboa lile koti, mimi natoka uwanjani salama. Miaka kumi na miwili nimeishi na uongo ambao haukuhitaji hata akili kuugundua, na sikuugundua kwa sababu ulisemwa na baba.

Nilifunga duka saa sita mchana nikapanda Uru. Nilimkuta baba peke yake uani, anageuza kahawa juani kwa mikono. Nilimwamkia, nikachuchumaa ng'ambo ya pili ya kitanda cha kuanikia. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu barabara nzima, lakini nilipomwona yalitoka maneno machache.

"Baba, koti halikutoboka."

Hakuacha kugeuza kahawa. Aligeuza hadi akafika mwisho wa kitanda, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Halikutoboka," akasema.

Hata hapo nilikuwa bado namtafutia mlango wa kutokea. Nikamwambia labda kelele za watu zilimchanganya, labda alipotea hesabu akaona aibu kusema. Nilitaka akubali hilo. Angelikubali ningeshuka mjini nimetulia.

"Sikupotea," akasema. "Zilipokwisha za kulia nikaanza kuzirudisha kutoka kushoto. Zilikuwa mia moja na kumi na tatu."

Nikamuuliza kwa nini.

"Walikuwa wananiita Baba Mrushaji," akasema. "Mimi kwenye mikutano ya kijiji nilikuwa nakaa nyuma, hakuna anayejua nimekuja au sijaja. Siku ile wote wamenizunguka. Nikajua nikisimama nikavua kofia, imekwisha. Nikasema ngoja kidogo. Halafu ngoja kidogo tena."

Na wanamwita hivyo mpaka leo. Kilabuni, kanisani, hata watoto wadogo ambao hawajawahi kuuona huo mpira wanamwamkia, "Shikamoo Baba Mrushaji," naye anaitikia. Nikamkumbusha kwamba mwalimu alileta jani, akalipokea. Mtu mwingine alimwomba msamaha kwa kosa ambalo ni lake baba, naye akanyoosha mkono na kusema asante. Baba alikuwa anaangalia kahawa.

Likabaki swali moja, na nilijua sipaswi kuliuliza. Nikauliza.

"Uliniona nikishika kiwiko?"

"Nilikuona," akasema. "Tangu wa themanini na mbili."

Mama alitoka jikoni akasema mtori uko tayari. Nilimwambia kuna mteja ananisubiri, nikawasha pikipiki nikashuka. Desemba ilipofika, na kila mwenye kwao akapanda mlimani na mizigo yake kula Krismasi na wazazi, mimi nilifungua duka kama kawaida.