Msalaba Alioufuta Ngatia

Ngatia alikuwa na wivu, na usije ukamtetea mbele yangu. Kwa miaka thelathini ndiye aliyeandika kila neno la Mungu lililopakwa rangi kwenye kuta za makanisa, kuanzia Mweiga hadi Karatina. Mistari yake yote ilianza kwa msalaba mdogo mwekundu, kabla ya neno la kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Mtu akiuona tu, alisema, "Hapa Ngatia amepita."

Sasa Fatha Theuri, kasisi wa kanisa lao la Kiothodoksi, akataka ukutani picha ya Kirilo na Methodio, wale ndugu wawili watakatifu waliowatungia Waslavi wa Ulaya maandishi hapo kale. Kazi akampa nani? Monicah! Msichana aliyefundishwa kushika brashi na Ngatia huyohuyo. Mzee akaambiwa apake rangi nyeupe sehemu ya chini ya ukuta.

"Ati mimi nipake chini na mtoto achore juu?" alimfokea mkewe. "Sasa mimi niko na kazi gani kwa hiyo kanisa?"

Jumamosi, picha ikiwa imekamilika, alibaki peke yake kanisani. Akainua macho. Pichani Kirilo alikuwa ameshika kitabu wazi chenye mstari wa herufi ngeni nyekundu, miduara na pembetatu, na mwanzoni kabisa mwa mstari kulikuwa na msalaba mwekundu. Lo! Ngatia aliona giza. Msichana amemnyang'anya kazi, sasa amemwibia hadi sahihi? Hakuuliza mtu. Akapanda ngazi, akachovya brashi kwenye ile nyeupe yake, akaufuta. Akashuka akipiga mluzi, mzee mzima!

Kesho yake kanisa lilijaa, na Fatha Theuri akasimama chini ya picha.

"Waslavi walihubiriwa kwa lugha ya wageni," alisema, "kama babu zetu kabla Injili haijaandikwa kwa Kikuyu. Kirilo akaomba, kisha akawatungia herufi. Na wapo wanaosema hakuzichora ovyo: pembetatu ni ya Utatu, duara ni ya Mungu asiye na mwisho. Herufi ya kwanza kabisa ni msalaba, ili anayejifunza kusoma aanze na Kristo. Hebu angalieni hapa."

Akanyoosha kidole. Palikuwa peupe.

Minong'ono ikaenea. Ngatia akaelewa. Kumbe haukuwa msalaba wake, ilikuwa herufi! Kabla hajafungua kinywa, Monicah akasimama.

"Pole, Fatha. Ni makosa yangu. Nitarekebisha."

Ibada ilipoisha alimfuata mzee nje, penye ngazi na makopo.

"Mzee, hiyo rangi yako ilikuwa bado mbichi asubuhi. Niliigusa."

"Na mbona hukusema ni mimi?"

"Ungeacha kuja kanisa." Akampa brashi na kopo la rangi nyekundu. "Andika wewe."

Unadhani alishukuru? Wapi! Wivu ulizidi. Msichana alikuwa amemshinda kazi, na sasa alikuwa anamshinda hata kwa roho nzuri. Akarudi ndani na ngazi, akapanda, akauchora kwa hasira, na msalaba ukapinda.

Jumapili iliyofuata Mama Watiri, mkubwa wa akina mama wa kanisa, alisimama pale na wenzake.

"Monicah ameandika vizuri," alisema, "lakini hii msalaba ameharibu kabisa. Fatha angepatia tu Ngatia hii kazi."

Ngatia alikuwa nyuma yao. Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyatamani mwezi mzima. Monicah naye alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Hiyo ni yangu," mzee alisema. "Yake ilikuwa imenyooka. Ni mimi niliifuta, juu ya wivu."