Nilimtoa shemeji yangu edani kwa mdomo wangu

Wenzangu, mkosaji ni mimi. Sitafuti mtu wa kugawana naye. Kosa langu likipakiwa chomboni hapa bandarini Mocímboa, chombo kitazama kabla hakijang'oa nanga.

Jina langu sitalitaja. Mtaani wananiita Komandante, kwa kunitania, maana jeshini sikupata cheo chochote. Nililinda daraja moja miaka mingi sana, mpaka mbuzi wa ng'ambo wakawa wakiniona wanasimama kunionyesha vitambulisho. Nimestaafu, mke wangu amefariki, na uzeeni huu nimemaliza skola ya usiku. Darasani nilikuwa mzee peke yangu. Mwalimu akiingia, wanafunzi wananiangalia mimi kwanza kama wasimame au wakae.

Tangu mke wangu afariki nilikuwa nakula kwa mdogo wangu, Bakari. Mkewe anaitwa Somoe. Kila adhuhuri nilikuta sahani yangu imefunikwa kawa, na hakuna siku aliyoniuliza nimeleta nini. Ndiyo maana nikawa na aibu, na aibu yangu ina makelele.

Siku moja nikashuka bandarini. Chande, mvuvi rafiki yangu, akanipa vifurushi viwili vya samaki waliochunwa na kukatwa vipande. Kimoja cha kitoweo, kimoja chambo cha dema langu, lile tego langu la kaa. Kimoja kilikuwa katika mfuko mweusi, kikubwa. Kingine kidogo, kimefungwa kwa kipande cha wavu. Chande alikuwa ananieleza jambo. Na mimi nilikuwa namweleza habari za daraja. Tukaelezana hivyo, kila mtu na lake, tukaagana vizuri.

Ule mfuko mkubwa nikampelekea Somoe. Nisionekane bahili! Kile kidogo nikakitia demani. Halafu nikaenda zangu Diaca kwenye harusi, nikala pilau ya watu wanne, na nusu ya mtu wa tano.

Niliporudi, Bakari amekufa.

Waliniambia baada ya kula midomo ilimfa ganzi, kisha mikono, kisha pumzi. Walimpakia kwenye mota, ile pikipiki ya abiria, kumkimbiza hospitali, hakufika. Tukamzika. Ndugu yangu wa tumbo moja! Kesho yake nikaenda kuangalia dema, nikakuta limejaa kaa hata mlango hauonekani. Nikasema Mungu ananifariji.

Ee Mola, mtu huyu nilipewa akili ya nini?

Skola walitufundisha mtu huchunguza kwanza, kisha hutoa hitimisho. Mimi nilianza na hitimisho, kuokoa muda. Samaki nilimleta mwenyewe, mzuri, mfuko mzima. Kwa hiyo sumu ilitiwa jikoni. Na jikoni kulikuwa na mtu mmoja.

Somoe alikuwa edani, ndani, kajitanda nyeupe, hatoki wala hakai na mwanamume asiye maharimu wake. Nikaweka kigoda nje ya pazia la mlango, nikamhoji.

"Somoe, siku ile wewe hukula?"

"Nilikuwa nimefunga, shemeji. Nalipa siku zangu za Ramadhani. Na watoto walikuwa chuoni."

"Katika siku zote, ukachagua hiyo?"

"Ndiyo niliyonuia."

"Sufuria uliiosha?"

"Niliiosha."

"Kwa nini?"

"Shemeji, sufuria huoshwa."

Nikalihesabu hilo kuwa jibu la mtu mjanja. Nikazunguka nyuma ya jiko, nikakuta udongo umefukuliwa na kufukiwa upya. Nikauliza paka yuko wapi, maana palikuwa na paka pale. Akasema paka hayupo tena. Basi! Amefunga, ameosha, amefukia, na shahidi hayupo. Jeshini watu walifungwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Cha kuchekesha, sahani yangu ilikuwa bado inatoka kila adhuhuri, inapitishwa chini ya pazia. Na mimi nilikuwa bado nakula. Nilimwonjesha kuku kwanza, namtazama kidogo, kisha nakomba. Kuku yule alinenepa, akaanza kunisubiri mlangoni kama mkwe.

Dada yetu mkubwa, Bi Mwajuma, alinikuta katika hali hiyo.

"We Komandante, unamwita mtoto wa watu mwuaji, na wali wake unaupiga matonge?"

"Dada, huu ni uchunguzi."

"Uchunguzi una shibe hivyo?"

Laiti ningeishia kuchekwa!

Siku ya arobaini, hitima imesomwa, watu wamejaa uani, nikasimama. Sikuombwa. Nikasema samaki alikuwa salama nilipomkabidhi, nikasema na mengine yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya gwaride. Kisha nikageukia mlangoni.

"Somoe! Mbele ya watu hawa, kataa kama si wewe!"

Maalimu akanivuta kanzu, nikaivuta tena. Somoe hakukataa. Alisema tu, polepole, "Shemeji, kaa chini. Umechoka."

Mimi nikasema, mmesikia? Hakukataa.

Kakaye alikuja kutoka Palma kumchukua na wanawe, maana maneno yalishafika kisimani na hakuna aliyekuwa anampokea ndoo amtekee maji. Alipanda mota kajifunika shuka nyeupe, eda haijaisha. Watu wa pwani mnajua maana yake. Mjane hutolewa edani na moto au risasi, na hapa kwetu yote mawili tumeyaona. Mimi nilimtoa kwa mdomo.

Muda si mrefu Chande akarudi. Alikuwa Mtwara kwa biashara ya samaki wakavu, msiba wetu hakuusikia. Tukakutana bandarini.

"Ehe, chambo changu kilinasa?"

"Kilinasa sana! Kifurushi kidogo vile, dema likajaa!"

Akaacha kucheka. "Kidogo? Kile cha wavu?"

"Hicho."

"Komandante, kile kilikuwa samaki changu. Changu wa kula! Chambo kilikuwa kwenye mfuko mweusi. Bunju yule! Si nilikwambia? Nilikwambia nimemchuna nguo yake yote, hajulikani, usije ukamchanganya na kitoweo. Nilikwambia mara mbili!"

Aliniambia mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa darajani.

Watoto wetu hapa, kabla hawajajua kuhesabu, wanajua bunju ni samaki wa sumu, haliwi. Nilikaa chini pale pale kwenye magamba ya samaki. Chande alinishika bega, akauliza mfuko nilimpa nani, na mimi, msemaji mkubwa wa mji huu, sikuweza kumjibu.

Nikaenda Palma. Somoe alikuwa anamalizia eda chumbani kwa mama yake. Kakaye alinionyesha kigoda, akakaa pembeni, hakunipa mkono. Pazia jingine, kigoda kingine.

"Somoe, ulijua?"

"Nilijua paka alipoanguka. Ndiyo nikafukia kile chakula, asije akaingia kuku wa jirani."

"Basi kwa nini hukusema? Hata siku ile, mbele ya watu?"

"Bakari alijua kabla yangu. Ulimi ukiwa bado unamtii, alinambia, kaka asijue. Alisema, yule hana mwingine."

Nililia, wenzangu. Nikamwomba radhi mpaka kakaye akatazama pembeni. Somoe hakusema amenisamehe, na sitawadanganya hapa kwamba alisema. Alisema tu, "Rudi ukaseme ulikosemea."

Kisha akauliza, "Umekula?"

Sahani ikapita chini ya pazia. Wali na kitoweo cha samaki. Nikaimaliza yote, bila kumwonjesha kuku kwanza.

Ijumaa iliyofuata nilisimama msikitini baada ya swala. Nikasema samaki nilimleta mimi, bunju nilimleta mimi, na Somoe hana kosa. Nilitumia maneno machache kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Bi Mwajuma akayapeleka kisimani mwenyewe, kila siku, mpaka yakazoeleka. Eda imeisha. Somoe yuko Palma na wanawe, na hajasema kama atarudi. Mimi nakula kwa Bi Mwajuma. Kuku nimempa Chande.

Kwa hiyo nawaonya, ninyi mnaopenda kuchunguza watu: mimi nilihoji mjane, sufuria, udongo na paka, na mikono yangu mwenyewe sikuihoji. Na mkisahau yote niliyoandika, shikeni hili dogo. Mtu akikupa samaki, nyamaza umsikilize.