Manjano Mbele ya Benchi

Mume wangu alikuwa fundi wa mbao, na benchi aliyoitengeneza iko mpaka leo nje ya mlango wangu hapa Makadara. Wiki tuliyorudi kutoka kumzika kwao magharibi, nilikuta tundu kwenye mguu wa benchi, duara safi kama limepigwa keekee, na unga wa mbao chini. Ndani kitu kilikuwa kinakwaruza. Ule mlio naujua. Ni randa yake ikilainisha ubao.

Kwetu mgeni akiingia nyumba ya msiba, hata awe mdudu, hafukuzwi; huenda ni marehemu amerudi. Nikawa namwamkia kila asubuhi: "Mzee, umeamkaje?" Majirani walicheka. Nikawaacha wacheke.

Kijana wangu ndiye hakutaka. "Mathe, unaongea na mdudu? Jumamosi nakuja na dawa."

"Ukimpulizia, umempulizia baba yako."

Ijumaa akaja mjukuu wangu, binti wa huyo huyo. Mimi niliishia darasa la nne. Yeye anasomea wadudu chuo kikuu, na mtaa mzima umeshalisikia hilo kwangu mpaka umechoka. Akalala kifudifudi kwenye simiti na nguo zake nzuri, akangoja mdudu atoke.

"Shosho, ona tumbo. Linang'aa kama kiatu cha polisi, halina manyoya. Nyuki wa asali ni mdogo, na ana manyoya. Huyu ni wa kutoboa mbao. Na hiyo mikanda miwili myeupe mgongoni? Huyo ni jike. Dume wake ni wa manjano mwili mzima."

"Jike?"

"Jike, Shosho. Anatafutia watoto wake nyumba."

Nilikaa chini. Kumbe muda wote huo nimemwita mwanamke wa watu Mzee! Mjukuu alicheka, akaona uso wangu, akajipangusa vumbi. Kama si yeye, basi yuko wapi? Na kesho hiyo dawa nitaizuia kwa neno gani?

Jumamosi kijana akaja na mkebe wa dawa. Alikuwa ameshaambiwa yote. "Si umesikia mwenyewe? Si mzee. Sogea, Mathe."

Nilisogea.

Akainama. Hapo kikatokea kitu cha manjano, kikasimama hewani mbele ya pua yake. Hakiendi mbele, hakirudi nyuma, kinamtazama tu. Akahamia kushoto, nacho kushoto.

"Hana mwiba, Baba," mjukuu alisema kutoka mlangoni. "Ni dume, analinda pake. Hufanya hivyo kwa kila mtu."

Kijana wangu, mtu mzima mwenye mvi, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Sawa, mzee," alisema, sauti chini. "Sawa, naenda."

Kisha akanigeukia kuona kama nimesikia. Nilisikia.

Mkebe aliuacha pale pale, na hajaurudia. Siku hizi akija kunisalimia namwambia, "Kaa basi, benchi hiyo." Anasema miguu haijachoka.