Mizimu ya Bitana

Mizimu ile niliishona mimi. Afadhali niseme mapema, kabla sijaanza kujitetea kama kawaida yangu.

Binti yangu alikuwa na miaka minane. Amezaliwa hapa Johannesburg. Kiswahili changu cha Bukavu hukijibu kwa Kiingereza, nami nilishazoea kuamini kwamba hakimwingii. Shuleni waliambiwa wapambe milango ya nyumbani kwa ajili ya Halloween, ile sikukuu ya kutishana kwa mchezo, kwa vitu vilivyopo tu. Trei za mayai akazikata zikawa popo, akawapaka rangi nyeusi ya viatu. Kwenye chupa za maziwa akachora nyuso zenye meno. Kisha akanijia kwenye cherehani, akitaka mizimu.

Nilikuwa na mabaki ya bitana nyeupe, kitambaa cha ndani ya magauni. Tukajaza vichwa kwa mifuko ya plastiki, tukafunga shingo kwa uzi, na macho nikayashona kwa vifungo visivyofanana. Mmoja ukatoka na makengeza. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwaka mzima sikuwa nimekaa naye hivyo. Siku zote ilikuwa "ngoja kwanza nimalize hii robe ya watu", gauni la mteja likiwa mkononi.

Jumamosi wakaja akina mama wa kikundi cha maombi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni zamu ya nyumba yangu. Walisimama mlangoni, chini ya popo, wakakataa kuingia.

"Eh, mama, hizi shetani ziko za nani?" akauliza kiongozi wetu mpya, ambaye hakuwahi kufika kwangu.

Binti yangu alikuwa sebuleni, ameinamia mkasi, anakata popo mwingine. Nikajiambia haelewi.

"Haziko zetu," nikasema. "Ziko za mtoto wa jirani."

Nikang'oa kila kitu mbele yao, nikatupa kwenye pipa la korido, na ule wenye makengeza pia. Wakanisifu kwa imani yangu. Nikapokea sifa hizo nikitabasamu, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Baada ya sala, kiongozi akamshika mtoto kichwani kwa upole.

"Na huyu muzuri, iko mtoto wa nani?"

Nikafungua kinywa nimjibie. Binti yangu akaniwahi, kwa Kiswahili, kwa lafudhi yangu ileile:

"Niko mtoto wa jirani."