Likizo yetu ya kwanza: tela ya Baba na jiwe la Bibi

Rafiki yangu uliyefungua uzi huu, vuta kiti. Wakuu wote habari za jioni, na wazee wangu mliomo humu shikamooni.

Haya niliyaona kwa macho yangu. Mimi ni mama mtu mzima, miaka arobaini na kitu, namwogopa Mungu na sina cha kupata kwa kuwadanganya. Uandishi wangu mnivumilie, sekondari nimesoma masomo ya jioni na mtoto mgongoni.

Kilichonifanya niandike ni hasira.

Tumeanza kupanga safari ya December, mimi, mume wangu na watoto. Basi gari limeshajaa na begi letu hata moja bado halijaingia! Kila ndugu ana "kamzigo kadogo tu". Jana nimekaa nikaliangalia lile gari, nikakumbuka ya nyumbani Tarime. Nikasema hapana, leo naandika.

Turudi nyuma.

Ni miaka ya sabini, wakati wa vijiji vya ujamaa, mpaka wa Kenya bado haujafungwa. Mimi niko shule ya msingi. Kijiji chetu, kule Nyamwaga, kilikuwa kipya. Watu tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye mashamba yetu ya zamani tukapangwa kwa mistari kando ya barabara.

Wengine hawakupenda. Wakipata nafasi wanapakia vyombo alfajiri na kurudi mahame, yaani kule kwenye mashamba ya zamani. Familia moja ilikuwa imetoroka hivyo juzijuzi tu, na balozi wetu wa nyumba kumi alisemwa vibaya sana mkutanoni. Hilo mliweke akilini.

Baba yangu alikuwa bwana mifugo. Kazi yake ng'ombe, chanjo na josho. Likizo alikuwa anapewa kila mara na hajawahi kwenda popote, likizo yake ilikuwa kulima shamba lake.

Sasa siku moja yuko Tarime mjini, akawakuta wazungu wanatia mafuta. Wanatokea Kenya wanaenda Serengeti, na nyuma ya gari wanakokota nyumba. Caravan. Baba akaomba kuchungulia. Akaona kitanda, jiko, hadi vikombe vimening'inizwa kwenye misumari.

Alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine.

"Mama Robi," akamwambia Mama, "watu wanatembea na nyumba yao! Wanafika mahali wanalala, wanaangalia wanyama, wanarudi. Hawana msiba, hawana harusi. Wanapumzika tu."

Bibi, mama yake Baba, alikuwa anapepeta wimbi. Akauliza, "Kupumzika? Nani anaumwa?"

Honestly, hakuna aliyemwelewa Baba pale nyumbani. Ila Mama aliuliza swali moja tu.

"Hiyo safari yako inapita Mbalibali?"

Baba akasema inapita, na anaye rafiki yake wa kazi huko, tutaweka caravan yetu uani kwake.

Wakuu, Mbalibali ndiko alikoolewa mdogo wake, mama yetu mdogo Gati. Mama yao alifariki Gati akiwa bado ananyonya, na Mama yangu ndiye aliyemlea mgongoni akiwa yeye mwenyewe binti mdogo. Tangu Gati aolewe huko Serengeti hawakuwa wameonana. Alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza baada ya mimba kuharibika mara nyingi, Mama akapata habari kwa mdomo wa wapita njia.

Tangu siku hiyo nikawa namsikia Mama jikoni anaimba nyimbo za kanisani, asubuhi mpaka jioni. Si kawaida yake.

Basi Baba akaingia kazini. Ndugu yake, Mwita, alikuwa anaendesha trekta la mtu mmoja Nyarero. Akakubaliwa kulitumia na tela lake kabla kilimo hakijaanza. Baba akachukua mianzi akaikunja juu ya tela, akafunika turubai, akapiga mbao za kulalia upande mmoja. Akaweka mpaka pazia, kanga ya Mama. Watoto wa kijiji kizima walikuwa wanakuja kuchungulia.

Plan yake ilikuwa nzuri. Godoro, jiko la mchina, sufuria mbili, mablanketi. Na watu: yeye, Mama, sisi watoto watatu.

Halafu Bibi akasema na yeye anakwenda.

"Si mmesema kupumzika? Mimi ndiye niliyechoka kuliko nyie wote."

Nani atambishia? Sawa, Bibi twende. Lakini Bibi haendi hivihivi. Akaleta kigoda chake. Akaleta kibuyu cha maziwa. Akaleta kuku, maana huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Halafu akataka jiwe la kusagia.

Baba akashika kichwa. "Mama, jiwe la nini? Tunakwenda likizo!"

"Siwezi kula ugali wa jiwe la watu. Tumbo langu silijui?"

Baba akalikatalia. Akaenda kuoga. Kurudi akakuta jiwe liko ndani ya tela, Mwita anajifanya anaangalia tairi.

"Mura, kijana wewe, nani kapakia hili?"

"Aniambie mama mkubwa nikatae? Akinifukuza nitalala wapi?"

Likashushwa. Baba akaingia ndani kuvaa. Likapandishwa. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nimeshavaa gauni la kanisani, naangalia jiwe linapanda na kushuka kama mtu aliyekosa nauli.

Na majirani nao hao! Habari ilishasambaa kwamba bwana mifugo anakwenda Serengeti na gari tupu. Huyu na mkungu wa ndizi, wa binti yake aliyeko Mugumu. Yule na miche ya migomba imefungwa kwenye gunia. Mwingine na majembe ya shemeji yake. Mama mmoja alileta mbuzi.

"Mdogo tu, hata hali sana."

Baba akapiga kelele, "Hii ni nyumba! Sio lori la kahawa!"

Yule mama akamjibu taratibu, "Kama ni nyumba, mbuzi si analala nyumbani?" Akamfunga mbuzi wake akaondoka.

Wakuu, nacheka sasa hivi lakini siku ile hapakuwa na kicheko. Jua lilikuwa limepanda, Mwita analalamika, kuku wamefunguka, mdogo wangu analia. Mama alikuwa ameshasali na sisi, akawa amesimama pembeni na kitenge chake kipya, anasubiri waliomo wapange vitu apate pa kukaa. Hakuweka hata kifurushi. Alitaka nafasi yake tu.

Ndipo balozi akatokea.

Alisimama mbali kwanza akaitazama tela. Akaona turubai, godoro, masufuria, kuku, miche ya migomba, majembe. Halafu akaona jiwe.

Kwa wasiojua kwetu, jiwe la kusagia ni la mwanamke mwenye nyumba. Anaweza kwenda kokote, jiwe linabaki. Jiwe likitoka, huyo amehama.

"Shikamoo mzee," Baba akasema.

"Marahaba, bwana mifugo. Mnarudi mahame?"

"Hapana mzee! Tunakwenda likizo. Kupumzika."

"Kupumzika na majembe?"

"Ya watu hayo."

"Na migomba mnakwenda kupumzika kuipanda?"

"Ya watu!"

"Na jiwe? Nalo la watu?"

Baba akamgeukia Bibi. Bibi alikuwa ameshakaa juu ya godoro kama malkia, akaangalia upande wa pili.

Baba alieleza sana. Alieleza mpaka habari ya wazungu na vikombe kwenye misumari, na hapo ndipo alipoharibu zaidi. Balozi akasema, "Umechoka na nini wewe? Wanaoogeshwa ni ng'ombe. Likizo ni ya kupumzika, pumzika hapa kwako."

Sitamsema vibaya yule mzee. Aliogopa kusemwa tena mkutanoni. Mwishoni alilegea, akasema tunaweza kwenda, lakini nyumba isikae bila moshi. Mwenye nyumba abaki. Jioni moshi utoke, yeye auone, basi.

Baba akasema, "Mama yangu atabaki."

Bibi hakutikisika.

Balozi akasema, "Mama yako ana nyumba yake. Hii nyumba ni ya mke wako. Jiko ni lake."

Na kwa mila zetu ni kweli. Nyumba ni ya mke.

Mimi nilimwangalia Bibi nikaomba moyoni, Mungu wangu, ashuke, aseme tu neno moja kwamba yeye ndiye aliyepandisha jiwe. Hakusema. Na Mama hawezi kumwambia mama mkwe wake ashuke, hilo halipo kwetu. Baba akasema basi, tunaahirisha wote.

Mama ndiye aliyekataa.

"Nendeni. Trekta likirudi Nyarero halitatoka tena. Watoto wameshavaa."

"Mama Robi..."

"Mwambie Gati nimeshukuru Mungu kwa mtoto. Basi. Nendeni."

Mwita akashusha jiwe. Likabaki chini na Mama kasimama pembeni yake.

Sikilizeni ninachosema. Katika tela nzima ile, vilivyobaki chini ni viwili tu, jiwe na Mama. Mkungu wa ndizi ulikwenda. Majembe yalikwenda. Mbuzi alikwenda! Hakuna hata mmoja katika sisi aliyefikiri kushusha kitu kingine, maana sote tulililaumu jiwe peke yake, kumbe ule mzigo wote ndio uliotutia mashakani. Mimi nilikwenda nimekalia gunia la migomba ya mtu nisiyemjua, nalia, na Bibi ananiambia nisichafue gauni.

Safari yenyewe sina haja ya kueleza. Vumbi, milio ya trekta, tulilala njiani mara moja. Wanyama niliwaona baadaye, wengi, na sikumbuki vizuri.

Ninachokumbuka ni kufika Mbalibali.

Mama mdogo Gati alikuwa amepata habari kwamba tunakuja, sijui nani alimwambia. Trekta liliposimama nyumbani kwake alitoka mbio, mtoto mgongoni, hata kanga haijafungwa vizuri. Akatusalimia juujuu, Baba, Bibi, sisi. Macho yako kwenye tela.

"Dada yuko wapi?"

Baba akaanza kueleza habari za balozi. Gati hakumsikiliza. Alidhani tunamtania. Alidhani Mama amejificha nyuma ya mizigo ili amshtue, maana ndivyo walivyokuwa wakicheza utotoni. Akapanda kwenye tela na mtoto mgongoni, akaanza kufunua. Akatoa mkungu. Akasogeza gunia. Akainua godoro. Anacheka, anaita, "Toka, nimekuona!"

Alifunua mpaka mbao.

Halafu akakaa pale chini katikati ya vitu vya watu, na hakucheka tena. Bibi ndiye aliyeshuka wa kwanza akaenda kusimama mbali, ametupa mgongo.

Mama na Gati walikuja kuonana miaka mingi baadaye, msibani kwa Bibi huyohuyo. Mtoto yule alikuwa ameshakuwa kijana mrefu anayebeba maji ya wafiwa. Mama alimshika mkono akawa hamwachii.

Sasa wakuu, somo langu ni fupi na nalisema kwa hasira ileile. Mkifunga safari, pakieni watu kwanza. Kaeni wote ndani ya gari, kila mtu pake, halafu ndiyo muulize kama kuna nafasi ya mbuzi. Na wewe unayeleta "kamzigo kadogo", jiulize kanakaa mahali pa nani.

Nilipomaliza kuandika nusu nilitoka nje, nikarudishia kila ndugu mzigo wake. Wamenuna. Wanune tu, Mungu ananiona.

Nakaribisha comments, hasa watu wa Mara: kwenu jiwe lilikuwa na maana gani? Matusi sijibu.

Na kama unaye mtu anayefunga mizigo ya sikukuu wiki hii, mtumie uzi huu leo, kabla gari halijajaa. Naye amtumie mwenzake.